Korea Kusini kwa mgeni wa kazi: kutoka kadi ya ukaazi hadi Jumapili ya kutembea

Anayekwenda kufanya kazi Korea Kusini hujiandaa kwa baridi na lugha. Vyote viwili vitamsumbua, lakini kitakachomkwamisha miezi miwili ya mwanzo ni kukosa kadi ya ukaazi. Bila kadi hupati laini ya simu ya mkataba. Bila laini yenye jina lako, programu ya benki haikutambui. Bila benki, mshahara unakwama, na mambo madogo kama kuagiza chakula au kukata tiketi ya treni kwa simu hayawezekani. Mambo haya yana mpangilio wake, na anayeuruka hurudishwa dirishani kuanza upya.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye viza halali: mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni, mtafiti wa chuo, mwanafunzi mwenye kibali cha kazi za muda, au aliyeoa ama kuolewa huko. Tuseme mapema ili mtu asiliwe pesa: viza ya wafanyakazi wa viwandani na mashambani, E-9, hutolewa kwa makubaliano ya serikali na serikali, chini ya mpango ulioanza 2004, na nchi zilizomo ni za Asia. Wakala wa Kariakoo au River Road anayekuahidi nafasi humo kwa malipo ya mkupuo anakuibia.

Kabla ya kupanda ndege

Umeme wa Korea ni volti 220, kwa hiyo chaja zako zitafanya kazi, ila tundu la ukutani ni la pini mbili za mviringo. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii. Nunua adapta mbili nyumbani, maana utaihitaji usiku wa kwanza. Piga picha za sentimita 3.5 kwa 4.5, mandhari nyeupe nyuma, masikio na paji la uso vionekane. Zitaombwa mara kwa mara.

Vitu viwili usibebe. Nyama ya aina yoyote, iwe kavu, ya soseji au ya kusaga, hairuhusiwi kuingia na faini yake huhesabiwa kwa mamilioni ya won. Na miraa, kwa sheria ya Korea, ni dawa ya kulevya. Usiibebe, usitumiwe kwa posta, wala usikubali kumbebea mtu, hata kama imekaushwa na kuandikwa kuwa ni majani ya chai.

Wiki ya kwanza

Uwanja wa ndege wa Incheon una treni hadi kituo cha Seoul. Ile ya kawaida, inayosimama kila kituo, huchukua kama saa moja na ni nafuu kuliko ya moja kwa moja. Kabla ya kuipanda, fanya mambo mawili palepale uwanjani: nunua laini ya simu ya kulipia kabla, ambayo pasipoti inatosha, na nunua kadi ya usafiri ya T-money kwenye duka lolote la saa 24 (CU, GS25, 7-Eleven). Kadi yenyewe huuzwa tupu. Muulize mhudumu akuongezee salio, na uwe na noti mkononi, kwa sababu kadi hiyo huongezwa salio kwa pesa taslimu sehemu nyingi. Won 20,000 zinatosha kuanzia.

Weka kwenye simu programu tatu: Naver Map au KakaoMap kwa ramani, Papago kwa tafsiri, KakaoTalk kwa ujumbe. Ramani ya Google uliyoizoea haitakuelekeza vizuri kwa miguu huko, na wageni wengi hupotea siku ya kwanza kwa kuiamini. KakaoTalk nayo si ya hiari: bosi, mwenye nyumba na fundi wote watakutafuta humo.

Kisha, wiki hiyohiyo, weka miadi ya uhamiaji kwenye tovuti ya Hi Korea. Sheria inakupa siku 90 kujiandikisha, na hapo ndipo mtu hujidanganya kwamba muda upo. Ofisi zenye wageni wengi hujaa wiki kadhaa mbele, na kadi yenyewe huchukua wiki nyingine kadhaa kutoka baada ya alama za vidole. Siku ya miadi beba pasipoti, fomu iliyojazwa, picha, pesa ya ada, mkataba wa kazi na karatasi za mwajiri, pamoja na uthibitisho wa makazi: mkataba wa pango lako, au barua ya kampuni kama unalala bweni lake, yaani *gisuksa*. Wanaorudishwa mara nyingi ni wale waliokosa hiyo ya makazi. Ukihama baadaye, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya wiki mbili. Ukisahau kuna faini. Maswali ya viza yote piga 1345. Kiswahili hakimo, ila Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu vimo.

Jina lako, herufi kwa herufi

Hapa ndipo watu wetu hukwama kuliko mahali pengine popote, kwa sababu tuna majina matatu na mifumo ya Korea imejengwa kwa majina ya silabi tatu. Tuseme pasipoti inasema HASSAN JUMA ALI. Kadi ya ukaazi itaandika hivyohivyo. Karani wa benki anaweza kuandika HASSANJUMAALI bila nafasi, na duka la simu likaandika JUMA ALI HASSAN, au likakata herufi za mwisho kwa sababu kisanduku kimejaa. Wewe ni mtu mmoja, lakini kompyuta inaona watu watatu, na kila programu itakayotaka kukuthibitisha kwa namba ya simu itakukataa bila kueleza sababu.

Dawa yake ni kusimama dirishani na kuangalia skrini kabla hujasaini. Weka kadi ya ukaazi mezani, mwonyeshe kwa kidole mpangilio na nafasi, na uombe iandikwe vivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Anza na duka la simu, kisha nenda benki na karatasi ya mkataba wa simu. Ukigundua kosa baadaye, rudi dukani na kadi yako. Hurekebishwa kwa dakika chache, na ni bora kuliko kuhangaika mwezi mzima na programu isiyofunguka. Kwa laini yenyewe, kampuni ndogo zinazokodi mitandao ya kampuni kubwa, *altteulpon*, hutoa huduma ileile kwa bei ya chini sana.

Benki hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Maeneo yenye wageni wengi kama Ansan yana matawi ya Jumapili. Akaunti mpya huja na kikomo cha kutoa na kutuma kwa siku. Si adhabu, ni kinga dhidi ya matapeli wa simu. Ukishapata mishahara miwili mitatu, peleka mkataba na hati za malipo uombe kikomo kiondolewe. Kumtumia mama pesa, kampuni ndogo zenye leseni huwa nafuu kuliko benki, na baadhi hufikisha moja kwa moja kwenye simu. Usilinganishe ada, linganisha kiasi atakachopokea, maana faida yao kubwa imefichwa kwenye kiwango cha kubadilisha.

Na usimkopeshe mtu akaunti wala kadi ya benki, hata rafiki, hata kwa siku moja. Ni kosa la jinai, na akaunti za wageni ndizo matapeli wanazozitafuta.

Nyumba: boila na taka

Korea hupasha joto sakafu, si hewa. Mabomba ya maji moto hupita chini ya sakafu, na ukutani kuna kibao kidogo chenye vitufe vya Kikorea. Maneno matatu ya kuyajua kwa macho: 난방 ni kupasha chumba, 온수 ni maji moto ya kuoga, na 외출 ni "nimetoka". Kosa la mgeni ni kuzima kila kitu asubuhi ili kubana gesi. Januari, Seoul ikishuka nyuzi 10 chini ya sifuri, maji yaliyolala ndani ya bomba huganda, bomba hupasuka, na bili ya fundi inakuwa juu yako. Ukienda kazini bonyeza 외출. Ukisafiri siku kadhaa, acha pia bomba la maji likidondoka taratibu. Fungua dirisha dakika kumi kila siku hata kwenye baridi, la sivyo kuta zitaota ukungu.

Taka ndiyo sababu ya ugomvi mwingi na majirani. Tangu 1995 taka za kawaida hutupwa kwenye mfuko maalumu unaolipiwa, *jongnyangje*, unaouzwa dukani au kaunta ya supamaketi. Wa lita 20 Seoul ni kama won 500. Mfuko una jina la wilaya, na wa wilaya moja haupokelewi nyingine, kwa hiyo usinunue wa mwaka mzima wakati unahesabu kuhama. Ukitupa kwa mfuko wa rambo, unaachwa mlangoni na karatasi ya onyo. Anayekagua hufungua na kutafuta bahasha yenye jina.

Mabaki ya chakula hutengwa kwenye mfuko wake au pipa linalopima uzito. Mengi hugeuzwa chakula cha mifugo, na hiyo ndiyo kanuni rahisi ya kukumbuka: asichoweza kula mnyama hakiingii humo. Ugali uliobaki na maganda ya ndizi ni taka za chakula. Mifupa ya kuku, maganda ya mayai, maganda makavu ya vitunguu, kokwa la embe na majani ya chai huenda kwenye mfuko wa kawaida. Mwaga mchuzi kwanza. Chupa za plastiki angavu hubanduliwa karatasi, hukunjwa na kuwekwa peke yake. Siku na saa za kutoa nje hutofautiana mtaa kwa mtaa. Muulize mwenye nyumba akuandikie, kisha ubandike jokofuni. Godoro au kabati haliwekwi tu barabarani: unanunua stika ya taka kubwa kupitia ofisi ya mtaa kwanza.

Kula

Kwenye mkahawa mdogo kaa tu. Vijiti na vijiko viko kwenye droo chini ya meza, maji unajichotea, kengele ya kumwita mhudumu iko pembeni, na malipo ni kaunta wakati wa kutoka. Bakshishi haitolewi. Vibakuli vidogo vya kachumbari na mboga ni bure na huongezwa ukiomba. Kinachomshangaza mgeni aliye peke yake ni kukataliwa kwenye nyama choma: sehemu nyingi hupika kuanzia sahani za watu wawili. Ukiwa peke yako tafuta *gukbap*, wali ndani ya supu, au *gimbap*, wali uliokunjwa ndani ya mwani.

Kwa asiyekula nguruwe, hatari haiko kwenye nyama inayoonekana. Iko ndani ya *gimbap* yenye *ham* (nyama ya nguruwe iliyosindikwa), *mandu* zilizojazwa nyama ya kusaga, *kimchi jjigae* (mchuzi wa kabichi iliyochachushwa) na supu nyingi za mifupa. Sentensi ya kukariri ni *dwaejigogi ppaejuseyo*, ondoa nyama ya nguruwe. Lakini kama supu imeshachemshwa nayo, kuondoa vipande hakusaidii. Chagua samaki wa kukaanga, au nenda Itaewon, Seoul, kwenye mtaa unaopanda hadi Msikiti Mkuu uliofunguliwa 1976. Kandokando yake kuna bucha za halali, viungo vya pilau, mchele mrefu, na maduka yenye unga mweupe wa mahindi. Mtaa wa Wongok huko Ansan, karibu na kituo cha Ansan cha njia ya 4 ya treni, nao una vyakula vya kila taifa.

Usinunue *oksusu garu* ya supamaketi ukidhani ni sembe. Huwa ya njano, na nyingine imesagwa laini mno au imechanganywa. Ugali wake hushika kama gundi. Sukuma wiki ipo, inauzwa kwa jina la *keil*, mara nyingi majani machache kwenye pakiti ya kula mbichi, kwa hiyo nunua pakiti nne. Ngano ina aina tatu: kwa chapati chukua *jungnyeokbun*, ile ya kati. *Gangnyeokbun* ni ya mkate na chapati yake hugoma kusukumika. *Bangnyeokbun* ni ya keki, hukatika. Mchele wa Kikorea ni mfupi na unanata. Unafaa kwa wali wa kila siku, ila pilau usijaribu.

Supamaketi kubwa hufungwa Jumapili mbili kwa mwezi, mara nyingi ya pili na ya nne. Angalia kabla ya kuburuta kigari.

Basi, treni na skuta

Gusa kadi ukipanda, gusa tena ukishuka, hata kwenye basi. Usipogusa unaposhuka unapoteza haki ya kubadili usafiri bila nauli mpya, na mabasi ya Gyeonggi, mkoa unaoizunguka Seoul, yanayotoza kwa umbali yatakukata zaidi. Nauli ya chini ya treni ya Seoul ni won 1,550 tangu Juni 2025. Kubadili kwenda basi ndani ya dakika 30 huongezi nauli ya kuanzia, na usiku muda huo ni saa nzima. Kama unazunguka ndani ya Seoul kila siku, kadi ya mwezi iitwayo Climate Card, won 62,000 kwa siku 30, hujilipa yenyewe. Kama unaishi nje ya jiji, piga hesabu kwanza.

Simama kituoni ukionekana na nyosha mkono, la sivyo basi linapita. Kahawa ya kikombe wazi haipandi basi la Seoul. Kwenye treni, viti vya mwisho wa behewa ni vya wazee na vya rangi ya waridi ni vya wajawazito. Hata vikiwa tupu, viache. Simu ya kelele humtazamisha kila mtu. Treni husimama karibu na saa sita usiku, na teksi huongeza bei kuanzia saa nne usiku. Skuta za umeme zilizotapakaa barabarani zinahitaji leseni ya udereva tangu 2021, helmeti, na mtu mmoja tu juu yake.

Jumapili

Mgeni anayelala bweni kila Jumapili huchoka kuliko anayetoka. Kwa Seoul, matembezi ya kwanza yenye gharama ndogo ni haya. Panda njia ya 3 hadi kituo cha Gyeongbokgung, tokea mlango wa 5. Kiingilio cha kasri la kifalme lenye jina hilo ni won 3,000, bure ukivaa *hanbok*, vazi la asili la Kikorea, uliyokodi jirani. Fika kabla ya saa nne asubuhi uone zamu ya walinzi ikibadilishwa. Nyingine ni saa nane mchana. Jumanne kasri limefungwa. Toka kwa lango la Gwanghwamun, nyoosha kusini, shuka kwenye kijito cha Cheonggyecheon, kisha fuata maji kuelekea mashariki hadi soko la Gwangjang. Hapo kula *bindaetteok*, chapati nene ya choroko (ndengu) iliyokaangwa. Ulizia kwanza kama ina nguruwe, na ulizia bei kabla ya kukaa. Jioni, njia ya 5 hadi Yeouinaru, ukingo wa mto Han, ambapo mashine ya dukani hukupikia tambi kwa dakika chache na watu hutandika mikeka kama Coco Beach siku ya sikukuu. Siku ya mvua nenda Makumbusho ya Taifa, Yongsan. Maonyesho ya kudumu ni bure.

Wenyeji wenyewe hupanda milima, na ndiyo njia nyepesi ya kuzungumza nao. Kilele cha Baegundae kwenye Bukhansan kina mita 836, hakina kiingilio. Njia ya 3 hadi Gupabal, kisha basi 704 hadi lango la Bukhansanseong. Tenga saa nne hadi tano kwenda na kurudi, viatu vyenye meno, glavu kwa ajili ya kamba za chuma karibu na kilele, na maji lita moja na nusu. Kati ya Desemba na Machi kuna barafu kwenye miamba ya kivulini. Vaa *aijen*, meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, au usipande. Majani huwa mekundu mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, na wikendi hizo foleni ya kilele ni ndefu. Mwisho wa Juni hadi Julai ni masika yao, *jangma*, mlima uache.

Sikukuu za Seollal (mwaka mpya) na Chuseok (mavuno) hufuata kalenda ya mwezi mwandamo, na nchi nzima husafiri. Tiketi za treni huisha siku zinapotolewa, mikahawa mingi hufungwa. Nunua chakula siku mbili kabla, ukae Seoul: barabara ni nyeupe na makasri huwa bure.

Ukiugua, ukidhulumiwa

Homa na kikohozi nenda *uiwon*, zahanati ya mtaani, si hospitali ya chuo kikuu. Ukiwa na bima ya taifa unalipa sehemu ndogo, na dawa unanunua famasi ya jirani kwa karatasi ya daktari. Mwajiri hukata mchango wa bima kwenye mshahara na kulipa nusu yake, kwa hiyo kagua hati ya malipo kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara ni won 10,320 kwa saa mwaka 2026. Malalamiko ya kazi ni 1350. Mwajiri hana haki ya kukushikia pasipoti, hata akisema ni kwa usalama. Polisi ni 112, zimamoto na gari la wagonjwa 119.

Na simu ya nyumbani haihitaji hesabu. Korea iko saa sita mbele ya Dar, Nairobi na Kampala, ambazo ndizo saa sita za tofauti kati ya saa ya Kizungu na ya Kiswahili. Tazama saa ya ukutani bwenini: ikionyesha 8 usiku, kwa bibi ni saa nane mchana, ikionyesha 3 alasiri, kwake ni saa tatu asubuhi. Wa Kigali, Bujumbura na Goma wapunguze moja.